Mwaka Wetu Unapumua Mara Mbili

Haya ni maneno niliyoyasema juu ya sikukuu na tafakuri kwenye mkutano wetu wa mwezi wa tisa hapa Kayabwe, Uganda, mbele ya walimu wa chekechea, wakulima na wazazi. Wapo waliokosa nauli, wapo waliokuwa wakiuguza, wapo waliofiwa. Wameomba wayapate yote, nami nimeyaandika kama yalivyotoka.

Shikamooni wazee wangu. Akina mama, hamjambo? Vijana mliokaa kule dirishani, mnanisikia? Ndugu zetu wa Bombo, assalamu alaykum. Na ninyi mliosafiri usiku kucha kutoka Nakivale, poleni sana na safari. Karibuni, hapa ni kwenu.

Kabla sijafika mbali, turudi kidogo pale uani. Saa saba kasorobo tulikuwa tumesimama wote juani, kimya, tumekizunguka kijiti. Kijiti cha mita moja, kimechomekwa wima, kimepimwa kwa timazi ya fundi ili kisiegemee popote. Kivuli chake kikawa kinapungua. Kikapungua, kikapungua, kama maji yanayonywewa na mchanga, mpaka kikaingia chini ya kijiti chenyewe kikaisha. Na yule mtoto wa mama muuza nyanya, mlimwona? Aliinamia miguu yake, akainua mguu mmoja polepole aone kama kivuli chake kimejificha pale. Akaushusha. Akainua wa pili.

Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyemwambia leo ni siku gani. Alikuwa anaangalia tu, kwa mwili wake wote. Ndugu zangu, jambo ninalokuja kuwaomba leo ni moja, nalo ni hilo alilolifanya yule mtoto.

Siku ya namna hii, hapa kwetu kwenye mstari wa ikweta, huja mara mbili kwa mwaka: tarehe 20 au 21 Machi, na tarehe 22 au 23 Septemba. Watoto wetu wamekuwa wakiweka jiwe penye ncha ya kivuli tangu mwaka juzi. Mwezi wa sita, mchana wa jua, kivuli cha kijiti hiki hulala upande wa kusini, sentimita 43. Mwezi wa kumi na mbili hulala upande wa kaskazini, sentimita 43 zilezile. Mawe yamejipanga mstari, na jiwe la leo liko katikati. Jua la Ulaya hupanda na kushuka. Majira ya joto liko juu. Majira ya baridi linatambaa karibu na ardhi, na kule Ujerumani mchana unabaki saa nane tu. Jua letu linabembea. Linakwenda kaskazini, linarudi, linapita juu ya vichwa vyetu, linakwenda kusini, linarudi. Na mchana wetu ni saa kumi na mbili, Krismasi ni saa kumi na mbili, Juni ni saa kumi na mbili.

Sasa, wapo humu waliokuja leo kwa mara ya kwanza, na nimesikia mmoja akiuliza mlangoni kama hapa ni kanisa. Hapana, si kanisa. Kuna mtu aliitwa Rudolf Steiner, aliyezaliwa mwaka 1861 Kraljevec, mahali ambapo leo ni Kroatia, akafariki mwaka 1925 Dornach, Uswisi. Njia yake aliiita anthroposofia, neno la Kigiriki lenye mtu na hekima ndani yake. Kutoka kwake ilizaliwa shule ya Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1919, iliyofunguliwa kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara, nchi ikiwa imetoka vitani na watu wana njaa. Kutoka kwake kilizaliwa kilimo ambacho baadhi yenu mnakifanya, kile cha kufukia samadi ndani ya pembe ya ng'ombe, alichokifundisha Koberwitz, mahali ambapo leo ni Poland, mwaka 1924. Na kutoka kwake tulizipokea sikukuu nne: Pasaka, Yohana Mbatizaji tarehe 24 Juni, malaika mkuu Mikaeli, yule aliyepigana na joka, tarehe 29 Septemba, na Krismasi.

Mwaka 1923 alieleza kwamba dunia inapumua. Mwaka mzima ni pumzi moja. Majira ya joto dunia imetoa pumzi, roho yake iko juu, kwenye mawingu na nyota. Hiyo ni sikukuu ya Yohana. Majira ya baridi imeivuta pumzi yote ndani na kuishika; hiyo ni Krismasi. Pasaka inaanza kutoa, Mikaeli inaanza kuvuta. Ni picha nzuri, na niliipenda siku ya kwanza niliyoisikia. Lakini niliipokea kama mtu anayepokea koti la sufu, akalivaa mchana kweupe Masaka.

Niwaambie nilichofanya. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilikuwa na kitabu cha mwongozo kutoka Ulaya, na kitabu kilisema Krismasi ni kimya cha theluji. Basi nikanunua pamba dukani. Nikaichambua, nikaitandaza juu ya matawi ya mti ulio mbele ya darasa. Watoto wakakaa chini wanaangalia. Mtoto mmoja wa Kasese akanyoosha mkono: "Mwalimu, theluji iko kwetu. Iko juu ya mlima. Asubuhi mawingu yakifunguka unaiona. Lakini haikai kwenye mti wa watu."

Mnaona? Katika darasa lote, mtoto aliyewahi kuiona theluji alikuwa mmoja, ameiona juu ya Rwenzori, mbali, inang'aa, haigusiki. Na mimi ndiye niliyekuwa namfundisha theluji. Mchana ule mvua ikanyesha. Pamba ikalowa, ikaning'inia vipande vipande, inachuruzika. Nikapanda kiti kuiondoa, matone yananiingia shingoni. Bibi yetu wa jikoni akaja kunishikia kiti. Akaniuliza: "Mwalimu, mwezi huu unaitwaje kwenu?" Nikasema Desemba. Akasema: "Kwetu unaitwa Ntenvu. Uliwahi kuwaona ntenvu?" Sikuwahi. Akanionyesha mbawakawa kwenye ubavu wa mti uleule niliokuwa nimeuvisha pamba.

Jioni ile, tukichambua maharage, alinitajia miezi yote ya Kiganda. Machi ni Mugulansigo, mwezi wa kununua mbegu. Aprili ni Kafuumuulampawu, ambao ndani yake wamo kumbikumbi. Oktoba ni Mukulukusabitungotungo, mvua inapoangusha maua ya ufuta. Novemba ni Museenene, na nani hapa hajui senene? Nikakaa na ungo wangu magotini, nikajisikia mtu aliyekuwa akitafuta kisima huku amekaa ukingoni mwake. Wazee hawa walikuwa na kalenda yao. Kila mwezi walikuwa wameuangalia mpaka ukajitaja jina.

Na Waswahili je? Wazee wa pwani walituachia kilimia, lile kundi la nyota ndogo ndogo. Wakasema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Angalieni neno lenyewe, kilimia, ndani yake mna kulima. Mtu aliyelisema hilo alikuwa amesimama nje usiku, miaka mingi, na jembe lake likiwa ukutani. Hiyo nayo ni tafakuri, kabla sisi hatujaliazima neno hilo kutoka kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo tulipoanza upya, tulianza na swali hili: dunia yetu hapa inapumuaje? Hatukufungua kitabu. Tulitoka nje. Tuliandika kwenye daftari moja, kila siku mstari mmoja, miaka miwili. Na nitawaambia tulichokiona.

Hapa kwetu pumzi ni mbili. Machi mvua inashuka, ardhi inafunguka, mbegu inapasuka, na jioni kumbikumbi wanatoka ardhini kwa maelfu, wanapanda kuelekea kwenye mwanga. Dunia inatoa pumzi. Juni ukavu unarudi, maharage yanaingia ghalani, uhai unajikunja ndani ya punje. Dunia inavuta. Halafu Septemba inatoa tena: mvua za pili, kupanda kwa pili. Na Novemba senene wanakuja, na senene hawatoki chini kama kumbikumbi, senene wanashuka kutoka juu. Machi uhai unapanda, Novemba uhai unashuka. Halafu Januari ukavu tena, pumzi imeshikwa. Jua linapita juu ya vichwa vyetu mara mbili, mvua mara mbili, kupanda mara mbili. Mwaka wetu unapumua mara mbili!

Ndugu zetu wa Karamoja na Acholi, ninyi msinikubalie haraka. Kwenu mvua ni moja, ndefu, na ukavu ni mmoja, mkali. Pumzi yenu mnaijua ninyi. Mkiichukua ya Kayabwe mkaipeleka Moroto, mtakuwa mmefanya nilichokifanya mimi na pamba.

Labda mtu atauliza: je, si tumezivunja sikukuu? Nilijiuliza hivyo hivyo, tena kwa hofu. Steiner aliandika mwaka 1912 Kalenda ya Roho, beti 52, moja kwa kila wiki, kuanzia Pasaka. Watu wa kusini mwa dunia wamebishana miaka mingi kama waigeuze, kwa kuwa Pasaka yao huja majani yakipukutika. Sisi tuko mstarini. Mguu mmoja kaskazini, mguu mmoja kusini. Mmeuona mstari wenyewe pale barabarani, magari ya Masaka yanapita juu yake. Tugeuze au tusigeuze? Tuliamua kusoma beti mbili: ya wiki hii, na ile iliyo ng'ambo ya mwaka, wiki 26 mbele. Tunasoma moja asubuhi, nyingine jioni. Na jambo lililonishangaza ni kwamba zinaitikiana. Moja inamwita mtu atoke nje na macho yake, nyingine inamrudisha ndani. Anayeishi ikweta anazihitaji zote mbili kila wiki.

Mzee mmoja wa Bombo, yumo humu, aliniuliza siku moja: "Mwalimu, Pasaka, Krismasi, mimi Mwislamu nina nafasi gani hapo?" Sikuwa na jibu. Yeye mwenyewe akarudi wiki iliyofuata nalo. Akasema Mikaili yuko kwetu, ametajwa pamoja na Jibrili. Yahya yuko kwetu. Isa mwana wa Mariamu yuko kwetu. Kisha akatuambia jambo ambalo bado ninalo moyoni. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Katika miaka kama 33 inazunguka mwaka mzima. Mtu akifika uzee wake amefunga kwenye mvua, amefunga kwenye ukavu, amefunga wakati wa senene na wakati wa njaa. Hakuna msimu ambao hajawahi kuupokea kwa tumbo tupu. Wakristo wenzangu, tumewahi kuyaona majira kwa namna hiyo?

Sasa niseme juu ya tafakuri, maana hapo ndipo watu wengi hututoroka. Sikukuu wanaipenda. Nyimbo wanazipenda, wali wanaupenda. Ukisema tukae kimya dakika tano, simu zinaanza kuita.

Lakini sikukuu bila kimya ni nini? Ni karamu. Karamu ni nzuri, mimi nazipenda karamu, lakini karamu humalizika masufuria yakioshwa. Na kimya bila sikukuu je? Hukauka. Mtu anakaa peke yake chumbani na mawazo yake, mwaka baada ya mwaka, hana jua wala mvua ndani yake, mwisho anaanza kujiona mtakatifu kuliko jirani. Nimewaona wa namna zote mbili. Steiner alionya juu ya hilo waziwazi: ukitaka kupiga hatua moja katika kujua mambo yaliyofichika, piga hatua tatu katika kuitengeneza tabia yako. Tatu kwa moja. Wengi tunataka kuigeuza hesabu hiyo.

Mazoezi aliyoyatoa ni mepesi kusikia. Yapo sita ya kuanzia, na la kwanza ni hili: chukua kitu cha kawaida kabisa, penseli, pini, kitu kisichokuvutia hata kidogo. Kifikirie dakika tano. Hicho tu. Kimetengenezwa na nini, kimetoka wapi, nani alikibuni, kinafanyaje kazi. Wazo likitoroka, lirudishe.

Tuna kijana hapa wa boda boda. Amenipa ruhusa nimseme, jina nisilitaje. Alikuja kwetu amechoka na maisha, hana subira na mtu. Nikamwambia achague kitu. Akatoa mfukoni plagi kuukuu ya pikipiki, nyeusi kwa moshi. Akaanza. Wiki ya kwanza dakika ya pili tu mawazo yashafika kwa tajiri anayemdai pesa ya wiki. Anairudisha plagi, inatoroka. Anairudisha. Asubuhi kwa asubuhi, amekaa juu ya pikipiki kabla hajafika stejini, plagi kiganjani. Udongo mweupe umechomwa ukawa mgumu kama jiwe. Chuma kilikuwa ndani ya mlima, nani alikichimba? Cheche inaruka penye nafasi isiyozidi unene wa ukucha. Nafasi ikizibwa, hakuna moto. Nafasi ikizidi, hakuna moto.

Baada ya miezi akaniambia: "Mwalimu, siku hizi abiria akiniudhi, naiona ile nafasi. Kati ya neno lake na langu kuna nafasi ndogo. Zamani nilikuwa nimeiziba."

Ndugu zangu, mimi nimesoma vitabu juu ya zoezi lile, na sijakutana na maelezo yanayomshinda kijana yule. Na alipotusikia tukizungumzia Mikaeli, kwamba Steiner alikiona chuma cha vimondo vinavyoanguka mwezi wa nane na chuma kilichomo ndani ya damu yetu kuwa kitu kimoja na upanga wa Mikaeli, aliuliza kwa unyenyekevu: chuma cha plagi nacho kimo? Kimo, mwanangu. Kimo.

Kuna zoezi jingine, nje ya yale sita, nataka mwondoke nalo. La usiku. Ukishapanda kitandani, irudie siku yako kinyumenyume. Anza na kuzima taa, halafu kupiga mswaki, halafu chakula, halafu safari ya kurudi, mpaka ufike ulipoamka. Usijilaumu, usijisifu. Jitazame kama unavyomtazama mpita njia.

Mimi lilinikuta hivi. Nilikuwa nimefika saa nne asubuhi katika kurudi kwangu nyuma, usingizi unanichukua. Nikaiona sare ya mtoto karibu na meza yangu. Nikausikia mdomo wangu ukisema "Kaa chini." Kwa kuwa nilikuwa nakwenda kinyumenyume, jibu langu lilitangulia, na maneno yake yakafuata. Alikuwa amesema: "Mwalimu, jana hatukula."

Mchana niliyasikia kwa sikio nikayajibu kwa mdomo, na hayakupita kwangu. Usiku ndipo yalinifikia. Nilikaa kitandani. Asubuhi nilifika shuleni kabla ya bibi wa jikoni, nikawasha moto mwenyewe, uji ukawa tayari watoto wakiingia. Nikaenda kwao jioni, na mambo niliyoyakuta huko si ya kusema hapa. Tangu siku hiyo uji wa asubuhi ni sehemu ya shule yetu, wengi wenu mnauchangia unga, na sasa mnajua ulianzia wapi.

Juu ya Yohana nitapita haraka, maana tuliizungumza mwezi wa sita kando ya moto. Ila msisahau kwamba wiki tatu kabla yake, tarehe 3 Juni, watu wanaingia Namugongo kwa miguu. Wanatoka Kenya, Kongo, Tanzania, Rwanda, wengine wiki nzima na zaidi barabarani, kuwakumbuka vijana waliochomwa moto mwaka 1886. Mkitaka kujua maandalizi ya sikukuu ni nini, msinisikilize mimi. Simameni kando ya barabara ya Masaka mwishoni mwa Mei, mtazame visigino vyao.

Krismasi nayo ina jambo. Usiku wa mwisho wa mwaka 1922, jengo kubwa la mbao kule Dornach, Goetheanum, lililoanza kujengwa mwaka 1913, liliungua lote. Watu wa nchi zilizokuwa zikipigana walilijenga pamoja katikati ya vita. Usiku mmoja, majivu. Na kesho yake, tarehe 1 Januari, wakiwa hawajalala, moshi bado unapanda, ratiba iliendelea. Igizo la Mamajusi lilichezwa, mhadhara ukatolewa, kwenye karakana ya maseremala. Krismasi iliyofuata, katika karakana hiyohiyo, Steiner alitoa tafakuri ya Jiwe la Msingi. Hakuliweka jiwe lile ardhini. Aliwaambia waliweke mioyoni mwao. Ndiyo maana kwetu siku zile kumi na mbili, kutoka Krismasi hadi tarehe 6 Januari, hatuongezi kelele. Kijijini spika zinapiga mpaka alfajiri, hatuwazuii watu na furaha yao. Sisi tunaamka saa kumi na moja alfajiri, spika zimechoka, jogoo hajachoka. Mshumaa mmoja. Robo saa. Basi.

Na kabla ya hapo, Majilio, tunatengeneza njia ya konokono sakafuni. Ulaya hutumia matawi ya misonobari, na mtoto hubeba mshumaa ndani ya tofaa. Tofaa letu linatoka Afrika Kusini na bei yake mnaijua. Tunatumia chungwa bichi, tunalitoboa kwa kisu, mshumaa mfupi unakaa imara na chungwa linaizuia nta isimchome mtoto. Njia tunaipanga kwa masale, yale majani ya kijani ya mipakani. Wachaga humpelekea sale mtu wanayemwomba radhi, na nilipolijua hilo nikasema hakuna jani linalofaa zaidi. Mtoto anaingia peke yake, anazunguka hadi kati, anawasha mshumaa wake penye mshumaa mkubwa, anatoka, anauweka njiani.

Mwaka jana binti mmoja wa miaka mitano alikataa. Alijificha kwenye gomesi, lile gauni refu la mama yake, hakutoka. Mama aliona aibu, sisi tukamwambia mwache. Siku nne baadaye, Alhamisi ya kawaida, masale yametupwa kwenye mboji, niliingia darasani kuchukua ufagio. Alikuwa peke yake. Sakafu haikuwa imedekiwa, na alama za majani zilionekana bado kwenye vumbi. Alikuwa anaifuata njia, mikono mbele, chungwa mkononi halina mshumaa. Akafika kati, akasimama. Akatoka. Nikarudi nyuma na ufagio wangu, na siku ile hatukufagia.

Sasa tumebakiwa na siku chache kufika Mikaeli. Kule Ulaya mimea inakufa wakati huu, na mtu anaambiwa aamke, awe na ushujaa, kwa kuwa asili haimbebi tena. Huku kwetu asili inaamka. Je, tuseme Mikaeli si wetu? Mimi naona ni wetu mara mbili. Jua liko juu kabisa ya kichwa, kivuli hakuna, mtu amesimama mahali pake bila pa kujificha. Na mvua inakuja, na mtaro wa shule umeziba kwa makaveera, mifuko ya plastiki, na mwaka juzi maji yaliingia darasa la watoto wadogo mpaka magotini. Joka letu liko pale, nyuma ya choo, urefu wake mita thelathini. Kulichimbua ni kazi ya majembe, na majembe yetu ni butu.

Kwa hiyo sitaki mnipigie makofi. Mama huyu anapita na kapu. Kila mtu achukue punje moja ya maharage ya nambale, ya kupanda, si ya kupika. Iwekeni kiganjani. Dakika tano: itazameni rangi yake, mistari yake, lile kovu dogo lililoishikilia kwenye ganda. Kisha uoneni mmea ambao haupo bado, uliomo humo ndani. Mimi nitashika saa. Mkimaliza, punje ziende shambani kwa wakulima wetu, mashimo yapo tayari. Majembe yamelazwa barazani. Tupa za kunolea ni mbili tu, tupeane zamu, na wanaosubiri waanze kuokota makaveera.